Nani anamngoja nani? Historia ya foleni iliyojificha ndani ya kompyuta inayowaka

Novemba 2004, Owen Taylor, mtaalamu wa programu katika kampuni ya Red Hat ya Marekani, aliwapa mtihani wenzake wa mradi wa Fedora, unaotengeneza mfumo wa kompyuta wa Linux. Wote walijua kwamba kompyuta zao zinachelewa kuwaka, na kila mmoja alikuwa na mshukiwa wake. Taylor akawaomba mchoro. Alitaka bango moja linaloonyesha kila kinachotokea tangu mashine inapoanza kuwaka hadi inapokuwa tayari kwa kazi: programu ipi inaendeshwa wakati gani, prosesa imeshughulika kiasi gani, diski nayo je, na ni wapi mashine nzima imekaa bure.

Aliyejibu ni Ziga Mahkovec, na jibu lake likaitwa Bootchart. Ilimbidi kwanza ategue kitendawili: mpelelezi anayetaka kuona yote lazima afike kabla ya wanaopelelezwa. Programu ya kwanza kuanzishwa kwenye Linux ni init, yenye namba 1, nayo ndiyo huzianzisha nyingine zote. Mahkovec akakiazima kiti hicho cha kwanza. Programu yake iliingia, ikaacha mchunguzi nyuma ya pazia, kisha ikaipisha init halisi iendelee na kazi. Kuanzia hapo mchunguzi aliandika hali ya mashine mara tano kila sekunde. Kwa kuwa diski ilikuwa bado haijawa tayari kuandikiwa, aliyahifadhi yote kwenye kumbukumbu ya muda, ya kuchorwa baadaye.

Juu ya picha iliyotoka kulikuwa na mawimbi ya prosesa na diski. Chini yake kila programu ilichorwa kama pau, ikianzia pale ilipozaliwa na kuishia pale ilipomaliza. Jicho liliona ngazi: pau moja ikiisha ndipo nyingine inaanza, na juu yake vipindi virefu ambavyo si prosesa wala diski iliyokuwa na kazi ya kutosha. Mashine haikuwa imeelemewa. Ilikuwa imepanga foleni.

Faili moja, mstari kwa mstari

Foleni hiyo ina asili yake Murray Hill, New Jersey, kwenye maabara za Bell, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuijenga Unix mwaka 1969. Init ni mtoto wa Unix. Katika mifumo hiyo ya mwanzo, amri za kuziamsha huduma ziliandikwa katika faili moja lililoitwa /etc/rc, moja chini ya nyingine, na mashine ikazisoma kama mtu anavyosoma orodha ya mahitaji ya sokoni. Aliyeandika alijua kwamba diski hukaguliwa kabla ya kutumiwa, kwa hiyo aliweka ukaguzi juu. Sababu yenyewe ilibaki kichwani mwake.

Kwa huduma chache, hilo lilitosha. Tatizo lilikuja pale programu zilipoanza kutoka kwa watengenezaji mbalimbali. Mgeni ataingizaje mstari wake katika faili la mwenyeji bila kulivuruga? Jibu lililokuja kuzoeleka lilitoka katika System V, toleo la Unix lililotolewa na AT&T mwaka 1983, na familia yake: kila huduma ipewe faili lake, na jina la kuianzishia libebe namba. Linux ikaurithi utaratibu huo. Kwenye mashine za Red Hat za miaka hiyo, mtandao ulikuwa na namba 10, syslog inayotunza kumbukumbu za matukio 12, sshd ya kuingilia kutoka mbali 55, sendmail ya barua pepe 80, na crond inayofanya kazi za ratiba 90.

Sasa mgeni angeweza kuchukua namba na kukaa. Lakini namba husema nani atangulie. Haisemi kwa nini. Je, crond iliwekwa 90 kwa sababu inaihitaji sendmail ya 80, au nafasi hiyo ilikuwa wazi tu? Picha ya Mahkovec ilionyesha gharama ya ukimya huo. Kwa kuwa hakuna aliyejua kwa hakika nani anamtegemea nani, kuanzisha huduma mbili kwa pamoja kulikuwa bahati nasibu. Salama ilikuwa kungoja.

Ugali na mchicha

Mpishi yeyote anaijua siri ambayo namba ziliificha. Huwezi kusonga ugali kabla maji hayajachemka, lakini mchicha waweza kuuchambua maji yakiwa jikoni. Anayengoja ugali uive ndipo aguse mchicha atakula usiku wa manane, na hakuna aliyemlazimisha.

Hesabu ya jambo hili ilikuwepo zamani. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani lilibuni njia ya kuchora kazi za mradi wa makombora ya Polaris kama mtandao wa mishale, ili ionekane kazi ipi inaifungia nyingine mlango. Mwaka 1962 Arthur Kahn alichapisha kanuni ya kuipanga mitandao ya aina hiyo: chukua kila kazi isiyongoja chochote, ifanye, ifute, tazama sasa ni zipi zimebaki bila cha kungoja, rudia. Unix yenyewe ilikuwa na amri ndogo ya tsort, inayopanga kwa misingi hiyo hiyo. Dawa ilikuwa kabatini nyumba ile ile yenye mgonjwa.

Walioinywesha init ni watu wa NetBSD, mfumo wa ukoo wa Unix. Toleo lao la 1.5, la Desemba 2000, liliachana na orodha ya faili moja bila kuingia kwenye namba. Kila huduma iliandika kwenye faili lake inatoa nini na inahitaji nini, na programu iitwayo rcorder ikasoma maelezo hayo kila mashine ilipowaka na kukokotoa mpangilio. Hatimaye sababu ikaandikwa mahali pa kusomeka. Hata hivyo rcorder ilitoa orodha, na orodha ikafuatwa moja baada ya moja. Mti wenye matawi ulinyooshwa ukawa kamba.

Mwaka 2005 Solaris 10, mfumo wa kampuni ya Sun, iliyaacha matawi yaende sambamba. Mwaka uliofuata Scott James Remnant aliingiza Upstart, init ya aina mpya, katika Ubuntu, mfumo wa Linux uliobeba neno la Kibantu ambalo sisi tunalitamka utu. Upstart iliwasha huduma kwa kufuata matukio: diski ikionekana fanya hili, mtandao ukipanda fanya lile.

Bajeti ya sekunde tano

Septemba 2008, kwenye mkutano wa watengenezaji wa Linux mjini Portland, Oregon, Arjan van de Ven na Auke Kok wa kampuni ya Intel walileta kompyuta ndogo, Asus Eee PC, iliyowaka kikamilifu kwa sekunde 5. Walikuwa wamepanga muda kama familia inavyopanga mshahara: sekunde 1 kwa kerneli (kiini cha mfumo), 1 kwa maandalizi ya awali, 1 kwa mfumo wa kuchora skrini, 2 kwa mazingira ya mtumiaji. Atakayezidisha ajieleze.

Karani wao wa hesabu alikuwa Bootchart. Katika picha zake, sendmail peke yake ilikula takriban sekunde mbili kwenye kompyuta ya mtu ambaye barua zake anazisoma kwenye tovuti. Kila mtumiaji alitozwa muda kwa sababu mtu mwingine, mahali pengine, anaendesha seva ya barua.

Sanduku la posta

Tarehe 30 Aprili 2010, Lennart Poettering, aliyeshirikiana na Kay Sievers, alitangaza systemd, mrithi mpya wa init. Wazo lake kuu alilikuta kwenye launchd, programu ya Apple iliyokuja na Mac OS X 10.4 mwaka 2005. Msomaji wa Afrika Mashariki atalielewa upesi, kwa kuwa anwani zetu ni za S.L.P. Ukimwandikia mtu barua huhitaji awepo posta. Barua inaingia sandukuni, naye ataichukua akifika.

Huduma za kompyuta huzungumza kupitia soketi, ambayo kwa mfano wetu ndiyo sanduku. Systemd huyafungua masanduku kwanza, kisha huziamsha huduma zote kwa pamoja. Anayetaka kuiandikia syslog ambayo haijaamka huandika tu. Ujumbe unabaki sandukuni hadi mwenyewe aamke. Utegemezi mwingi uliotangazwa kwa miaka ulikuwa hofu ya kukuta sanduku halipo. Sanduku likishakuwepo, hofu inakwisha na foleni inavunjika.

Systemd pia ilitenganisha maneno mawili ambayo namba zilikuwa zimeyafunga pamoja: kuhitaji na kungoja. Huduma yaweza kuihitaji nyingine bila kuingoja, na zote mbili zikaanza kwa wakati mmoja. Yaweza pia kungoja nyingine bila kuihitaji: kama ipo itangulie, kama haipo twende. Hatari mpya ikazaliwa hapo hapo. Kwenye namba haiwezekani 10 iingoje 90 huku 90 ikiingoja 10; kwenye maelezo ya maneno inawezekana kabisa. Systemd ikikuta duara la namna hiyo huiacha kazi moja nje ili nyingine zipite, na kuacha onyo kwenye kumbukumbu zake.

Fedora 15 iliipokea systemd Mei 2011. Watu wa Debian, mradi mwingine wa Linux, walibishana kwa miezi hadi kamati yao ya ufundi ilipoichagua Februari 2014, kwa kura ya mwenyekiti ya kuvunja sare, na waliokataa wakaanzisha Devuan, mfumo wao usio na systemd. Walalamikaji walisema programu namba 1 imejirundikia kazi nyingi mno. Ubuntu nayo ikaiacha Upstart.

Pau ndefu si lazima iwe na kosa

Leo bango alilolitaka Taylor limo ndani ya mashine nyingi za Linux. Amri ya systemd-analyze plot huchora pau za huduma zote kwa mpangilio wa muda: nyekundu ni wakati huduma inaanza, rangi iliyofifia ni wakati tayari imesimama. Amri ya systemd-analyze dot huorodhesha mishale ya utegemezi, na Graphviz, programu ya kuchora iliyotoka kwa AT&T, huigeuza kuwa picha. Mchoro wa mashine nzima hutoka kama wavu uliofumwa gizani. Unafaa zaidi mtu akichagua huduma chache tu.

Hata pau zinataka msomaji makini. Kwenye kompyuta nyingi ndefu kuliko zote ni ya huduma yenye neno wait-online katika jina lake, na anayeiona mara ya kwanza hudhani amemkamata mchawi. Kumbe hiyo huduma haina kazi nyingine: imeajiriwa kungoja mtandao uwe tayari kweli, kwa ajili ya wanaoutaka, kwa mfano diski iliyoko kwenye seva ya mbali. Ikiwa hakuna anayeingoja, haimcheleweshi mtu, hata ikikaa nusu dakika.

Ndiyo maana ipo amri nyingine, systemd-analyze critical-chain. Inaanzia pale mashine ilipokuwa tayari na kurudi nyuma, ikitaja aliyengojwa, na aliyemngojesha huyo, na aliyemngojesha yule. Namba 90 ya crond isingeweza kuulizwa swali hilo.