Konsoli ya Mfuatano na Ukarabati wa Redio za Intaneti

Redio ya intaneti, yaani kifaa cha mezani kinachopokea vituo kwa njia ya mtandao badala ya mawimbi ya hewani, ni chombo cha juzi, ilhali mlango anaoupitia fundi kukikagua kinapogoma ni wa zamani kuliko chombo chenyewe. Mlango huo ni konsoli ya mfuatano, njia ya mawasiliano ambamo herufi husafirishwa biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja, na asili yake ni telegrafu. Émile Baudot, Mfaransa aliyepata hataza ya mtambo wake mwaka 1874, alijenga mfumo ambamo kila herufi iliwakilishwa na ishara tano za umeme zenye urefu sawa. Waliomfuata wakaongeza ishara ya kuanza na ishara ya kukoma katika kila herufi, ili mashine mbili zilizo mbalimbali zisilazimike kwenda sambamba muda wote. Ishara hizo mbili za ziada zingali zikitumika hadi leo, bila mabadiliko ya maana, ndani ya redio zenye Wi-Fi.

Kutoka kwenye telegrafu, utaratibu huo uliingia kwenye kompyuta kwa sababu ya gharama zaidi kuliko ubora. Mashine ya kuchapa ya Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963, ilikuwa ya polepole na yenye kelele, ikichapa herufi 10 kwa sekunde kwa kasi ya baudi 110, yaani ishara 110 za umeme kwa sekunde, lakini bei yake ilikuwa nafuu, na kwa hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye kompyuta nyingi ndogo za miaka hiyo kama kifaa cha kuandikia amri na kusomea majibu. Kiwango cha RS-232, kilichowekwa Marekani mwaka 1960, kilikuwa kimekwisha kupanga volti na nyaya za kazi hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 saketi nzima ya kupokea na kutuma biti kwa mfuatano ikatoshea katika chipu moja. Skrini zilipokuja, teletaipu iliondoka, ila utaratibu wake ukabaki, kwa kuwa prosesa inaweza kuandika kwenye konsoli mara tu inapopata umeme, kabla skrini, spika wala mtandao havijaamka.

Historia ya redio za intaneti ni fupi. Carl Malamud alianza kusambaza vipindi vya Internet Talk Radio mwaka 1993, vikisikilizwa kwa kompyuta. Kerbango, redio ya mezani iliyotangazwa mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya 3Com mwaka huohuo, ilifutwa mwaka 2001 kabla ya kufika madukani. Biashara ilishika kasi baada ya Wi-Fi kuenea majumbani, wakati kampuni ya Reciva ya Cambridge, Uingereza, ilipowauzia watengenezaji wengi moduli zilizokuwa, kwa hakika, kompyuta ndogo zinazoendeshwa na Linux. Hapo kazi ya fundi ilibadilika. Katika redio ya transista aliweza kufuata ishara hatua kwa hatua, kuanzia antena hadi spika, mpaka afike kwenye kiungo cha risasi kilichoachia. Katika redio ya intaneti hitilafu inaweza kuwa kwenye faili lililoharibika, ambalo multimita haiwezi kulipima, au kwenye seva iliyo nchi nyingine.

Kwa bahati, viwandani bodi hujaribiwa kupitia konsoli, na mara nyingi pini zake huachwa palepale, tatu au nne kwa mstari, bila maandishi. Fundi huzima umeme na kutafuta kwa multimita pini iliyoungana na ardhi ya saketi. Kisha huiwasha redio na kutafuta pini yenye takriban volti 3.3 inayoyumba sekunde za mwanzo, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotuma maandishi. Adapta ya USB anayoitumia kuiunganisha redio na kompyuta yake sharti iwe ya volti hizohizo, maana volti za RS-232, zinazoweza kufika 15 chanya au hasi, zitaiunguza chipu. Kasi ikikosewa, skrini hujaa takataka; ikiwekwa sawasawa, ambayo aghalabu ni baudi 115,200, redio huanza kujieleza yenyewe: kiasi cha kumbukumbu, sehemu za hifadhi ya flashi, kuamka kwa Wi-Fi, na hatimaye mstari inapokwama.

Mstari huo wa mwisho ndio uchunguzi wenyewe. Ukitaja hifadhi isiyosomeka, fundi hukatiza programu kianzishi, ile inayoupakia mfumo endeshi, kwa kubonyeza kitufe cha kompyuta kabla haijaendelea, kisha hupakia programu mpya. Kwa kasi ile ya baudi 115,200, yaani herufi 11,520 kwa sekunde, faili la megabaiti 4 huchukua zaidi ya dakika 6. Ukisema kwamba seva haipatikani, chuma cha kulehemu kiwekwe chini, kwa sababu ugonjwa haumo ndani ya sanduku.

Ugonjwa wa aina hii ya pili ndio ulioua redio nyingi zisizo na kasoro. Huduma ya seva ya Reciva ilifungwa mwaka 2021, na ile ya vifaa vya Squeezebox, vilivyokuwa vya Logitech, mwaka 2024. Kupitia konsoli iliyo wazi, redio kama hiyo ingeweza kuelekezwa kwenye seva nyingine, lakini watengenezaji waliofunga konsoli kwa nywila walidai usalama; hoja hiyo ina uzito kiasi kwa kifaa kinachokaa kwenye mtandao wa nyumbani, lakini haina uzito wowote pale kampuni inapokuwa imekiacha kifaa chenyewe. Squeezebox zimenusurika kwa sababu programu ya seva yake ilikuwa ya msimbo huria, na leo, kwa jina la Lyrion Music Server, inaendelezwa na watumiaji wake.