Kongwa na Upofu Usiouma

Wanaosoma historia ya ukoloni huikumbuka Kongwa kwa mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha kwa kishindo mwaka 1947 na kuutelekeza mwaka 1951. Wanaosoma historia ya ukombozi huikumbuka kwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Madaktari wa macho nao wana Kongwa yao: tangu miaka ya 1980 vijiji vyake vimekuwa mahali pa utafiti unaosomwa katika vyuo vya tiba duniani kote. Hapo ndipo penye kitendawili. Huduma ya macho ya Dodoma, mkoa ilimo Kongwa, ilijengwa ipambane na upofu unaouma au unaoonekana, na ilifanya hivyo kwa sababu za haki. Lakini glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, ilibaki nje ya mpango hata baada ya Kongwa yenyewe kutoa ushahidi kwamba imo miongoni mwa watu.

Adui wa kwanza alikuwa vikope. Nchi kame, maji ya kufuatwa mbali, ng'ombe karibu na nyumba, na nzi kwenye nyuso za watoto: ugonjwa haukuhitaji zaidi ya hayo. Mtoto aliambukizwa, akapona, akaambukizwa tena, hadi kope za ndani zikajaa makovu na nywele zake zikageuka kukwaruza mboni. Wanawake waliumia zaidi kwa kuwa ndio waliokaa na watoto, na wengi walijitibu kwa kung'oa nywele hizo kwa kibano. Pamoja na vikope kulikuwa na surua na upungufu wa vitamini A. Daktari Allen Foster, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kanisa Anglikana ya Mvumi kuanzia katikati ya miaka ya 1970, aliwachunguza watoto wenye vidonda vya mboni akaona kuwa zaidi ya theluthi moja walikuwa wametoka kuugua surua, na kwamba dawa za kienyeji zilizotiwa machoni zilikuwa zimewaharibu wengine. Shule ya wasioona ya Buigiri, iliyoanzishwa na kanisa hilohilo mwaka 1950, ilikuwepo kwa sababu upofu wa utotoni ulikuwa jambo la kila siku.

Vita hiyo ilikwenda vizuri, tena kwa werevu. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vijiji sita vya Kongwa: vyote vilipewa dawa ya kupaka, lakini vitatu vilihamasishwa pia kuwanawisha watoto nyuso. Katika hivyo vitatu, vikope vikali vilipungua zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kugawa dawa ya azithromaisini kwa jamii nzima. Angalia sasa vifaa vya kazi yote hiyo: tochi, miwani ya kukuzia, na vidole vya kugeuza kope. Muuguzi wa zahanati aliweza kuutambua ugonjwa, na mama mwenyewe alijua mtoto wake anaumwa.

Glakoma haina dalili ya namna hiyo. Ile aina iliyoenea zaidi haiumi, haitoi tongotongo, haifanyi jicho liwe jekundu. Inaua taratibu nyuzi za neva inayopeleka picha kwenye ubongo, ikianzia pembeni mwa uwanja wa kuona, na jicho moja huziba pengo la lingine. Mtu anaweza kusoma herufi za mwisho ubaoni huku amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya neva. Mwaka 2000 watafiti Buhrmann, Quigley, West na wenzao walichapisha hesabu ya Kongwa: katika watu 3,641 wa miaka 40 na zaidi waliostahili kupimwa, walipimwa 3,268, na asilimia 4.16 walikutwa na glakoma. Hiyo ni karibu mtu mmoja katika kila 24. Tarakimu hiyo haikuzaa kampeni ya kulinganishwa na ile ya vikope.

Atakayepinga atasema waliopanga huduma hawakukosea: madaktari walikuwa wachache, na shilingi moja iliokoa macho mengi zaidi kwa chanjo ya surua au kwa maji ya kunawa. Nakubali, kwa miaka ya 1970 na 1980. Pingamizi zito zaidi ni kwamba glakoma haina kipimo rahisi cha kuzungushwa kijiji kwa kijiji. Kupima presha ya jicho peke yake kunawapita wengi, kwa maana neva huweza kuharibika presha ikiwa ya kawaida. Tena matone ni ya maisha yote, na upasuaji haurudishi kilichopotea. Aliyetolewa mtoto wa jicho huona kesho yake na kuwa tangazo mtaani. Aliyepasuliwa glakoma hutoka akiona vilevile, pengine vibaya zaidi kwa siku za mwanzo. Huko Kongwa waliokutwa na ugonjwa walipewa nafasi ya upasuaji, na si wote walioikubali. Ni nani wa kuwalaumu?

Hata hivyo, pingamizi hizo zinaukataa upimaji wa kijiji kizima tu. Haziukatai uchunguzi wa neva kwa kila mtu mzima ambaye tayari amefika kliniki kutafuta miwani au kutolewa mtoto wa jicho, wala kuwaita kaka, dada na watoto wa mgonjwa, ambao hatari yao ni kubwa mara kadhaa kuliko ya watu wengine. Na hoja ya matone ya maisha imepungua nguvu. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 uliwalinganisha wagonjwa 201, baadhi wakipewa matone ya timololi, wengine mwanga wa leza. Baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yale ya matone. Leza si ya bei ya tochi, lakini mashine moja huhudumia wengi, na Dodoma ya leo, yenye Hospitali ya Benjamin Mkapa na chuo kikuu, si Dodoma ya kliniki ya misheni.

Kwa hiyo uliyefikisha miaka 40, hasa kama mzazi au ndugu yako alipofuka polepole bila maumivu, usiridhike kusomeshwa herufi na kupewa miwani. Omba neva ya jicho iangaliwe na presha ipimwe, kisha urudi kwa tarehe utakayopangiwa. Na matone yenye steroidi yanayouzwa dukani kwa macho yanayowasha vumbi likizidi, usiyatumie kwa muda mrefu bila daktari: yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma kwa asiyekuwa nayo.