Vazi Jembamba la Ukulele

Tarehe 23 Agosti 1879 meli ya Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na mamia ya watu wa kisiwa cha Madeira, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Hawaii. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu wa samani: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Baadaye wakarudia randa na patasi mjini, wakaanza kuunda vigitaa vya nyuzi nne kwa mfano wa machete, gitaa dogo la kwao Madeira. Mbao waliipata hapohapo: koa, mti ambao asili yake ni Hawaii pekee na ambao wenyeji waliuchonga mitumbwi. Mfalme Kalākaua akaipenda ala hiyo na kuipa nafasi katika hafla zake.

Kuiunda ni kazi moja, kuikinga ni nyingine. Uso wa ukulele una unene wa milimita mbili hivi. Ukiachwa mtupu, hunywa jasho la mikono na unyevu wa bahari, ukafura na kupinda. Ukipakwa vanishi nzito, hautetemeki vizuri na sauti hufifia.

Karne ile vanishi nzito ilikuwa na soko kubwa. Sandarusi, utomvu mgumu wa miti uliochimbwa ardhini katika pwani ya Tanganyika, ilipitia Unguja hadi Salem, Marekani, ikayeyushwa pamoja na mafuta ya kitani kutengeneza vanishi ngumu ya magari ya farasi. Maseremala wa samani nzuri walikuwa na dawa nyingine: shelaki, utomvu unaotolewa na vidudu kwenye matawi ya miti huko India, ambao huyeyushwa kwa spiriti.

Shelaki hupakwa kwa subira. Fundi hulainisha mbao kwa msasa, kisha hufunga pamba ndani ya kitambaa, huichovya kidogo na kuongeza tone la mafuta ili isinate. Huanza kusugua kwa miduara, akijaza matundu ya mbao kwa unga wa jiwe la volkano. Spiriti hukauka upesi, na kila mkono mpya huyeyusha kidogo ule wa chini, hivyo tabaka zote hushikamana na kuwa moja. Ndiyo maana mkwaruzo hurekebishwa bila kukwangua ala nzima. Udhaifu wake ni joto na pombe.

Maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliwasha homa ya ukulele kote Marekani. Mwaka uliofuata Samuel Kamaka alifungua karakana yake ya ukulele Honolulu, na kampuni ya magitaa ya Martin ikaanza kuuza ukulele zake. Katika miaka ya 1920 laka ya nitroselulosi, ileile iliyoharakisha upakaji rangi wa magari, ikaingia katika viwanda vya magitaa. Ilipulizwa kwa bomba na kukauka haraka, lakini mvuke wake hushika moto kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo wengi wanaojiundia ukulele nyumbani bado huchagua shelaki, isiyohitaji chumba cha kupulizia. Kabla ya kupaka, hubandika utepe mahali daraja la nyuzi litakapokaa, kwani gundi hushika mbao tupu na haishiki vizuri juu ya vanishi. Daraja lililogundishwa juu ya shelaki linaweza kung'olewa na mvuto wa nyuzi.