Uso wa Nani Ulikuwa Kipimo?

Ukitaka kujua rangi inavyopimwa kwenye uchapaji, chukua boksi tupu la biskuti, lifungue, uangalie kwenye mikunjo ya ndani. Mara nyingi utakuta vinukta vimepangwa mstari: buluu, wekundu wa waridi, njano, nyeusi. Hizo ni alama za mchapaji. Anazilinganisha na sampuli iliyokubaliwa. Kama rangi moja imefifia au imekolea mno, anaongeza au anapunguza wino. Ndiyo maana boksi la elfu linafanana na la kwanza.

Sisi tunaopanga foleni ya mgao tunajua kwamba mzani mzuri hautoshi, jiwe la kupimia nalo lazima liwe halali. Kwenye picha za rangi, jiwe hilo kwa miaka mingi lilikuwa uso wa mwanamke mmoja mzungu.

Mpaka 1954, kampuni ya Kodak ya Marekani iliuza filamu za rangi pamoja na huduma ya kuzisafisha. Mwaka huo, kutokana na kesi ya serikali dhidi ya ukiritimba, ikakubali kuvitenganisha, na maabara nyingine zikaingia kwenye kazi hiyo. Ili zote zitoe rangi moja, Kodak ilizitumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza alikuwa Shirley Page, mfanyakazi wa Kodak; waliomfuata walikuwa na majina yao, lakini kadi iliendelea kuitwa Shirley. Fundi alichapa picha ya Shirley, akaiweka kando ya ile kadi. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi, mashine iko sawa, kazi iendelee.

Na mtu mweusi je? Filamu yenyewe iliundwa ngozi nyeupe itokee vizuri. Watoto weusi na weupe wakipigwa picha pamoja, weusi sura zinapotea, yanabaki macho na meno.

Mimi ninayo picha ya darasa la sita, ilipigwa Uvira mwaka 1988. Shati jeupe la mwalimu linaonekana mpaka vifungo. Sisi wanafunzi ni vivuli. Mwenzetu mmoja alikufa vitani, na hiyo ndiyo picha yake pekee iliyobaki. Mama yake tuko naye huku kambini. Siku moja aliniomba aione. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: “Mwanangu ni yupi hapa?” Sisemi lawama yote ni ya kadi, jua la saa sita nalo lina sehemu yake.

Lorna Roth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia huko Canada, aliwahoji watu waliofanya kazi Kodak. Wakamweleza kwamba waliosukuma mabadiliko ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani. Chokoleti nyeusi na ya maziwa zilifanana pichani, na mbao za aina mbalimbali vilevile. Ndipo rangi za kahawia zikaanza kurekebishwa. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtoto! Kadi yenye wanawake watatu, mzungu, mweusi na wa Asia, ilikuja miaka ya 1990.

Leo kuna vifaa vinavyosoma rangi kwa namba, na hilo ni jema. Lakini namba inasema tu kama nakala imefanana na sampuli. Sampuli inachaguliwa na watu.

Kwa hiyo, ndugu mnaoandaa mabango ya afya, na ninyi wa mashirika mnaotupiga picha za kadi: kabla ya kutoa nakala elfu, toeni moja. Mpelekeeni mwenye picha aitazame nje, mchana. Mwulizeni kama anajiona. Akisita, rekebisheni kwanza.