Kabla ya Kagoshima, Kuna Malindi

Wiki mbili sasa bando yangu yote inaishia kusini mwa Japani. Kuna hizi video za Kagoshima: bahari imetulia, volkano ya Sakurajima inatoa moshi ng'ambo ya maji, hakuna mtu ana haraka. Mimi niko Munyaka, baridi ya Eldoret inauma, najiambia siku moja nitafika huko.

Halafu juzi nikagundua kitu. Njia ya zamani ya kwenda Kagoshima ilipitia hapa kwetu, na mimi nilishasimama juu yake bila kujua.

Mmisionari Francis Xavier, yule aliyepeleka Ukristo Japani, alitua Kagoshima tarehe 15 Agosti 1549. Miaka 7 kabla ya hapo, mwaka wa 1542, akielekea India, meli yake ilitia nanga Malindi. Hapo Malindi kuna kanisa dogo la zamani la Wareno karibu na bahari, paa la makuti, makaburi pembeni. Desemba nilipita hapo na mabeshte wangu wawili. Tukapiga picha moja, tukaenda kutafuta viazi karai. Basi.

Xavier mwenyewe aliangalia vizuri kutuliko. Katika barua aliyoandika kutoka Goa mwaka huohuo, anasimulia alivyoongea na Mwislamu mmoja mheshimiwa wa Malindi. Yule mzee alimuuliza kama kwao watu bado huenda kanisani, kwa sababu pale Malindi, kati ya misikiti 17, watu walikuwa wanaenda 3 tu. Si hayo ndiyo malalamiko ya kila mzazi leo? Lakini rudi kwa hiyo namba. Misikiti 17. Huo haukuwa mji mdogo unaongoja kugunduliwa na mtu.

Shuleni mimi nilibaki na Vasco da Gama tu: alikuja 1498, akajenga nguzo, ukaandika kwa mtihani ukapata maksi. Sehemu tamu inarukwa. Jamaa hakuwa anajua njia ya India. Mfalme wa Malindi ndiye alimpa rubani, wakaondoka Aprili, na kabla Mei iishe walikuwa Calicut. Na mwaka wa 1415, kabla Wareno hawajaonekana huku, Malindi ilikuwa imeshatuma wajumbe na twiga hadi China.

Sasa shuka Gede, kilomita kama 16 kusini mwa Malindi. Ndani ya msitu kuna mji wa mawe: msikiti mkubwa, visima, vyoo ndani ya nyumba, na kaburi lenye tarehe ambayo kwa kalenda yetu ni 1399. Kumechimbwa vyombo vya kauri kutoka China. James Kirkman alianza kuchimba hapo 1948, na kitabu chake cha 1954 kikaiita Gede mji wa Kiarabu. Watu wa Pwani wakaonekana kama wageni kwa mji wao wenyewe. Imechukua miaka mingi kwa wanaakiolojia kusema wazi kwamba ule ni mji wa Waswahili, na ni 2024 tu UNESCO iliuingiza kwa orodha ya Urithi wa Dunia.

Hapo ndipo inaniuma. Niliacha chuo, na watu hudhani sipendi kusoma. Hapana. Nisichopenda ni kuambiwa historia yetu inaanza siku meli ya mtu mwingine inafika. Lakini mimi pia nilifika Malindi nikapiga picha moja nikaondoka. Kama sisi wenyewe hatuulizi nani alijenga, atakuja mwingine na kitabu atuambie.

Kagoshima wana bustani yenye jina la Xavier, na wageni husimama kusoma. Sisi tuna kanisa alikopita akiwa njiani, na wengi wetu tunajua tu bei ya mnazi.

Japani bado naitaka, siwadanganyi. Lakini Malindi haidai visa. Ni basi la usiku hadi Mombasa, halafu matatu. Munyaka kwa Kikuyu ni bahati, na Desemba hii nataka kuitumia vizuri: narudi kwa lile kanisa, na safari hii nakaa chini kwanza. Viazi karai vitangoja.