Masaibu ya mnunuzi wa gari yadini, na yanayofichwa chini ya rangi mpya

MNUNUZI wa gari jijini Nairobi aghalabu huanza safari yake akiamini kwamba jambo gumu ni kutafuta pesa. Huwa ameweka akiba katika chama cha ushirika kwa miaka kadhaa, au benki imemkubalia mkopo, na sasa ameshika Barabara ya Ngong au ya Kiambu ambako yadi zimepangana bega kwa bega, magari yameoshwa yakameremeta, na vijana nadhifu wanangoja langoni. Saa tatu baadaye hutoka na kadi sita za biashara mfukoni na bei nne tofauti za gari la aina moja, asijue ipi ndiyo ya kweli.

Hali hiyo haitokani na ujinga wake. Biashara ya magari yaliyotumika imejengwa juu ya msingi kwamba muuzaji anajua asichokijua mnunuzi. Mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alilifafanua jambo hilo mwaka 1970 katika makala yake mashuhuri kuhusu soko la magari mabovu, ambayo Wamarekani kwa lugha ya mitaani huyaita malimau. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha gari zima na bovu, alisema, hukubali kulipa bei ya wastani tu. Mwenye gari zuri huona bei hiyo ni hasara kwake, akaliondoa sokoni. Wanaobaki ni wenye mabovu, na bei hushuka tena. Mwaka 2001 Akerlof alituzwa Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Anayezunguka yadini Jumamosi asubuhi hahitaji shahada ili kumwelewa.

Magari mengi yanayouzwa katika yadi zetu hutoka Japani, na sababu si urafiki wa mataifa haya mawili. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani wa magari yao uko kulia kama sheria za Kenya zinavyotaka. Isitoshe, nchini mwao gari jipya la kibinafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, na ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima inayoandamana nao, hugharimu pesa nyingi. Mwenye gari la miaka sita au saba mara nyingi huona afadhali alipeleke mnadani kuliko kulilipia tena. Huko ndiko wafanyabiashara wanakolinunua.

Likifika Mombasa, gari hilo hukutana na kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000, inayosimamiwa na KEBS, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa. Gari halipaswi kuwa limepitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mfano, mwaka 2025 lililosajiliwa kabla ya Januari 2018 halikuruhusiwa. Tena muda kati ya kuundwa kwake na kusajiliwa kwake haupaswi kuzidi mwaka mmoja. Lazima pia liwe limekaguliwa kabla ya kupakiwa melini, na tangu ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima mwaka 2011 ukaguzi huo umehusisha kupima miale.

Msomaji asije akadhani kwamba cheti cha ukaguzi ni dhamana ya uzima wa gari. Cheti husema tu kwamba siku ile lilifaa kutembea barabarani. Hakisemi lolote kuhusu gia zitakazoanza kusita mwezi wa tatu.

Bei isiyoandikwa

Malalamiko ya kwanza ya wanunuzi ni bei. Duka la viatu huandika bei. Duka la sufuria huandika bei. Lakini bidhaa ya shilingi milioni moja na nusu huwekwa uwanjani bila kibandiko chochote. Ukiuliza, kwanza utaulizwa wewe una bajeti ya kiasi gani. Swali hilo si la ukarimu. Ukilijibu, gari lolote utakaloonyeshwa litagharimu kiasi hichohicho au kukizidi kidogo. Kwa maoni yangu, jibu la pekee linalofaa ni kutaja gari unalolitaka, mwaka wake na ukubwa wa injini, kisha kunyamaza.

Ugumu mwingine ni kwamba anayezungumza nawe huenda si mwenye gari. Yadi nyingi huuza magari yao wenyewe, magari ya wafanyabiashara wengine yaliyoegeshwa hapo, na magari ya watu binafsi walioyaleta wauziwe kwa kamisheni. Katikati yao wamo madalali wasio na yadi wala gari, ila simu na ulimi mtamu. Kila mkono huongeza chake. Ndiyo maana Toyota Fielder moja, yenye nambari moja ya chesisi, yaweza kutangazwa na watu watatu kwa bei tatu.

Hata hivyo, si kila shilingi katika bei hiyo humwendea mwenye yadi. Ushuru wa forodha, uliokuwa asilimia 25 kwa miaka mingi, ulipandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2023. Juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru huo hutozwa ushuru wa bidhaa, ambao kiwango chake hutegemea injini. Na juu ya jumla hiyo yote huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Zipo pia ada ya tamko la uagizaji na ada ya ujenzi wa reli. Hivyo kodi hutozwa juu ya kodi. Wengi hawajui kwamba KRA, mamlaka ya ushuru, haihesabu kodi hizo kutokana na bei uliyolipa Japani. Hutumia orodha yake ya bei za magari mapya, kisha hupunguza thamani kulingana na umri. Aliyebahatika kupata gari kwa bei ya kutupa mnadani Osaka hulipa ushuru uleule anaolipa aliyenunua ghali. Kwa hiyo muuzaji anayedai kwamba bei yake ni nusu ya wengine kwa sababu alipata bahati Japani anapaswa kuulizwa ushuru ulilipwa wapi.

Mita haisemi kweli daima

Gari la miaka saba lenye kilomita 48,000 ni jambo linalowezekana Japani, ambako treni huwapeleka watu kazini na gari la nyumbani hutoka Jumapili. Ila yadi nzima haiwezi kuwa na magari ya Jumapili. Kuirudisha nyuma mita ya kidijitali ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa, na ushahidi hubaki kwingine: usukani uliong'aa kwa kushikwa, pedali ya breki iliyolika upande mmoja, kiti cha dereva kilichozama. Tairi nazo zina tarehe. Tarakimu nne za mwisho katika maandishi ya ubavuni huonyesha wiki na mwaka zilipotengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalodaiwa kutembea kidogo sana likiwa limekwisha kubadilishiwa tairi zote nne lina maelezo ya kutoa.

Ushahidi bora zaidi ni karatasi ya mnada. Minada ya Japani hukagua kila gari na kuliandikia ripoti yenye daraja, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 5 na nusu zake, pamoja na herufi ya hali ya ndani na mchoro wa bodi uliowekewa alama kila palipokwaruzwa, kubonyea au kupakwa rangi upya. Daraja la 4 ni gari zuri, 3.5 lina makovu ya kawaida. Herufi R au RA humaanisha kwamba gari liliwahi kugongwa likarekebishwa. Muuzaji aliyeagiza gari mwenyewe anaweza kuipata karatasi hiyo. Akikwambia ilipotea, uliza cheti cha Japani cha kulifuta gari katika usajili kwa ajili ya kuuzwa nje, ambacho mara nyingi huonyesha kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi. Linganisha nambari ya chesisi kwenye karatasi na ile iliyopigwa kwenye chuma. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayana ile nambari ndefu ya tarakimu na herufi 17 ya magari ya Ulaya; yao ni fupi, herufi za modeli zikifuatwa na kistari na tarakimu.

Kwa gari lililokwisha kutumika hapa nchini karatasi hiyo haisaidii sana, kwani yaliyolipata yamelipatia Kitengela na Naivasha. Hapo hapana badala ya fundi wako mwenyewe. Fundi aliyependekezwa na yadi ni shahidi wa upande wa pili. Injini iguswe kabla haijawashwa: ikiwa moto unapofika, kuna aliyeiwasha mapema ili usisikie mlio wake wa asubuhi. Ufungue kifuniko cha mafuta. Utando mweupe kama maziwa chini yake waweza kuwa ishara kwamba maji yanachanganyika na oili. Ufunguo ukizungushwa bila kuwasha injini, taa za onyo, ikiwamo ya mifuko ya hewa, zinapaswa kuwaka kisha kuzimika. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa. Yadi inayokataa gari lipelekwe kwa fundi, hata kwa gharama yako, imekwisha kukujibu.

Arubuni

Waswahili wana neno zuri la malipo ya kufunga soko: arubuni. Sauti yake inakaribiana mno na kurubuni, na yadini maneno hayo mawili hukutana kila wiki. Mnunuzi huambiwa kwamba kuna mteja mwingine anayekuja saa nane. Alipe laki moja gari lishikwe. Hulipa, mara nyingine kwa simu ya mtu binafsi. Kisha mkopo huchelewa, au fundi hupata kasoro, naye huonyeshwa mstari mdogo chini ya risiti usemao kwamba malipo hayarudishwi.

Kabla ya kulipa chochote, yafaa karatasi ieleze mambo machache kwa maandishi: nambari ya chesisi, bei kamili, tarehe ya mwisho, na kwamba pesa zitarejeshwa endapo gari halitapita ukaguzi wa fundi au benki haitatoa mkopo. Malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni iliyosajiliwa. Ikiwa ugomvi umekwisha kuzuka, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka iamue katika siku 60. Mtu aweza kujisimamia bila wakili. Arubuni nyingi zimo ndani ya kiwango hicho.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huchukulia kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo ina ubora wa kuuzika. Ina mwiba wake: mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Wauzaji hupenda kuandika kwamba gari limeuzwa kama lilivyo na pale lilipo. Lakini Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 haimruhusu mfanyabiashara kumvua mteja haki alizopewa na sheria hiyo kwa kumtilisha saini tu, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa.

Anayenunua kwa malipo ya polepole ana kinga nyingine. Kwa mikataba iliyo chini ya Sheria ya Ununuzi wa Kukodi, Sura ya 507, aliyekwisha kulipa thuluthi mbili ya bei hawezi kunyang'anywa gari bila amri ya mahakama. Wenye yadi wengi hawaitaji, na wengine huandika mikataba yao kwa namna ya kuikwepa, ndipo vijana wenye breakdown hutumwa usiku kuvuta gari lililobakiza malipo mawili. Mkataba usomwe na wakili kabla ya saini. Ada yake ni ndogo kuliko awamu moja.

Hatua ya mwisho ndiyo watu huifanya kwa haraka zaidi kwa sababu funguo zimo mkononi. Rekodi za gari huombwa kwa NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, kupitia mtandao wa serikali, nazo huonyesha jina la mmiliki na iwapo benki ina haki juu ya gari. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana za Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, mikopo ya aina hii huandikwa pia katika sajili maalumu inayoweza kupekuliwa na yeyote. Jina lililo kwenye rekodi likitofautiana na la anayepokea pesa, muuzaji aonyeshe mamlaka aliyopewa kwa maandishi, na mwenyewe apigiwe simu. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, gari lililouzwa halipaswi kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Maadamu jina la zamani lipo, huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo aliyeuza naye ana sababu ya kuharakisha. Sehemu ya malipo, hata laki moja, ibaki mkononi mwa mnunuzi au wa wakili hadi uhamisho ukubaliwe mtandaoni. Yadi zitalalamika kwamba si desturi. Benki hufanya hivyohivyo kila siku, na yadi hizo hizo huzingoja bila kunung'unika.