Waasi wa 1897: Mwanafunzi Awachoreje?

Novemba 1898 askari walioasi mwaka uliotangulia kutoka Force Publique, jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika Kongo, waliuteka mji wa Kabambare. Maofisa wa Kibelgiji waliwaita majambazi, na mwanafunzi anayewachora au kuwaigiza leo ana sababu ya kulikataa jina hilo. Padri Mfaransa Auguste Achte aliangukia mikononi mwao 1897. Walimchinjia mbuzi, wakampikia kahawa, wakampa pembe za ndovu kufidia mali waliyomnyang'anya, asije akaandika Ulaya kwamba wamemwibia. Jambazi gani hujali atakavyoandikwa?

Kuna atakayepinga: baadhi yao walikuwa watu wa Ngongo Lutete, mtekaji watumwa, na njiani waliishi kwa kupora vijiji. Ni kweli, na anayeyaficha hayo anachonga sanamu tu. Lakini Ngongo huyo, ambaye wapiganaji wake waliisaidia dola ya Leopold katika Kongo kuutwaa mji wa Kasongo, aliuawa kwa kupigwa risasi na maofisa wa dola hiyo hiyo mwaka ule ule wa 1893. Nao askari wakaendelea kuchapwa viboko kambini. Mchezo wa kuigiza unaweza kuyabeba yote mawili: kiongozi wao Mulamba ashike bunduki yake, na mwanakijiji aliyeporwa (husahaulika huyu) aseme kwanza.